Ngazi za Kuzunguka Baraza

Wapendwa akina mama wenzangu, neno "ujenzi" likitajwa nyumbani wengi wetu hunyamaza tukawaachia baba na fundi wamalize mazungumzo yao. Sisi huitwa tena siku ya kupika chakula cha mafundi. Lakini mtu anayepanda na kushuka ngazi za nyumba mara nyingi kuliko wote ni mama, na mara nyingi mikono yake haiko mitupu: ana ndoo kichwani, au mtoto mgongoni, au mzigo wa majani ya ng'ombe, au sinia la chai ya wageni. Kwa hiyo naomba leo tuzungumze juu ya ngazi. Si ngazi ya Yakobo, bali ngazi hizi za mawe na saruji za kupandia barazani.

Sisi tunaoishi juu ya mji wa Moshi, kuanzia Machame, Kibosho na Uru mpaka Old Moshi, Kilema, Marangu na Mwika, ardhi tambarare tunaiona tukishuka mjini. Kihamba kimeinama, na kila kitu kilichomo kimeinama pamoja nacho. Wazee wetu wa kale hawakuwa na shida ya ngazi. Nyumba ya zamani ya Kichagga, ile ya majani iliyofunikwa mpaka chini, mlango wake ulikuwa sawa na ardhi. Mtu aliinama akaingia, na ng'ombe naye akaingia. Nyumba za pembe nne zenye msingi wa mawe na paa la bati zilienea zaidi katika miaka ya kahawa, wakati wakulima walipokwisha kuunda chama chao cha kwanza mwaka 1925 na baadaye KNCU mwaka 1933. Ukijenga nyumba ya namna hiyo penye mteremko, upande wa juu unachimba na upande wa chini unainua msingi. Ndiyo maana nyumba nyingi za huku ukiingia kwa nyuma unaingia bila hata kuinua mguu, lakini ukitokea mbele umesimama juu kama mchungaji mimbarani.

Nyumba yetu aliijenga baba mkwe. Mbele inatazama bondeni, na upande wa kulia, kuelekea jikoni na zizini, ardhi inapanda. Kona iliyo kati ya pande hizo mbili si kona ya kawaida, imekatwa mshazari. Baba mkwe hakufanya hivyo kwa urembo. Mfongo, yaani mfereji wa asili unaoleta maji kutoka mtoni huko juu, unapita pale, na mfongo si mali ya mtu mmoja. Majirani wa chini wanangoja zamu yao ya maji. Basi mzee alikata kona ya baraza lake ili mfongo upite, na kwa hilo bado anasifiwa mpaka leo. Lakini ngazi aliziweka mbele tu, nyembamba, upana wa hatua moja ya mtu mzima, zimebanana na ukuta bila kitu cha kushika.

Tulizizoea. Mtu huzoea hata jiwe ndani ya kiatu, kama njia ni ya nyumbani.

Kisha baba mkwe akafariki, tukamzika kihambani, chini kidogo ya nyumba, penye kahawa ya zamani. Siku ile wabeba jeneza walipofika ukingoni mwa baraza walisimama. Watu sita hawawezi kushuka ngazi ya mtu mmoja. Wakashuka wawili, wengine wakabaki juu, jeneza likainama mbele, na sisi wanawake tuliokuwa tumesimama chini tukafumba macho. Lilifika salama, tumshukuru Mungu. Mama mkwe hakusema lolote siku ile wala baadaye, lakini mimi nilimwona jinsi alivyozitazama zile ngazi.

Miezi michache baadaye, katika masika, naye akaanguka papo hapo. Ilikuwa asubuhi, saruji imelowa, ana kibuyu cha maziwa mkononi. Mfupa haukuvunjika, ila goti lilivimba, na tangu hapo likawa si goti la kutegemea. Alipopata nafuu akakataa kushuka mbele. Mlango wa nyuma unatokea chooni na kwenye ukuta wa udongo tu. Ukitaka kufika jikoni au zizini kwa njia ile unapita kwenye utelezi mbaya kuliko ngazi zenyewe. Basi akawa mtu wa barazani. Asubuhi analetewa kiti, anakaa, anatazama migomba. Vijana walipotaka kumbeba Jumapili kwenda kanisani alikataa kabisa. "Nitabebwa mara moja tu," alisema, "na siku hiyo sitakuwa na habari." Mzee wa kanisa akawa anamletea mchungaji nyumbani kwa Chakula cha Bwana.

Wapendwa, mnajua mambo ya mama mkwe na mke wa mwana yanavyoweza kuwa. Sisi wawili hatukuwa na ugomvi, lakini pia hatukuwa na mazungumzo marefu. Nilichokiona ni kwamba mwanamke aliyelea watoto saba, aliyeshuka na mkungu wa ndizi kichwani mpaka soko la Kiborloni na kupanda tena siku hiyo hiyo, sasa anaomba ruhusa ya kuletewa kiatu. Kaburi la mumewe lilikuwa hatua arobaini kutoka alipokaa, naye hakulifikia.

Baba watoto alikuwa ameweka akiba ya vigae vya sebuleni, kwa ajili ya Krismasi. Hilo nalo mnalijua. Mwezi wa Desemba Wachagga wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wote hupanda mlimani, na hakuna anayetaka ndugu zake wakute sakafu imepasuka. Nilingoja akamaliza kula, nikamwambia, "Baba watoto, ndugu zako wakija watakanyaga vigae vyetu wiki mbili. Mama atakanyaga ngazi mwaka mzima, kama zitakuwepo." Akasema ngazi zipo. Nikamwambia zipo kwa ajili ya mbuzi. Hakucheka. Siku tatu hakulizungumza tena, nami sikulirudia, kwa maana mwanamume ukimrudia neno anashika upande wake zaidi. Siku ya nne nilimkuta amechuchumaa chini ya baraza na futi ya fundi mkononi, anapima.

Alivyopima ndivyo nitakavyowaeleza, kwa sababu hapa ndipo penye elimu. Zile ngazi za zamani zilikuwa nne, na hakuna mbili zilizolingana: ya kwanza sentimita 19, ya pili 25, ya tatu 21, ya nne 25. Jumla sentimita 90. Mguu wa mtu ni kama mtoto wa shule. Ukimfundisha hatua ya kwanza atairudia bila kuuliza. Ukimbadilishia kimo katikati anajikwaa, na tofauti ya sentimita mbili tu yatosha. Ngazi ndefu zilizo sawa hazina hatari kama ngazi fupi zisizo sawa.

Kuna kanuni ya zamani ambayo mafundi wengi wanaitumia hata kama hawajui ilitoka wapi. Mfaransa mmoja, François Blondel, aliyefundisha ujenzi katika karne ya 17, alisema kwamba kimo cha kipandio mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, kilingane na hatua moja ya mtu anayetembea. Kwa vipimo vyetu vya leo ni kati ya sentimita 60 na 65. Kwa mtu mzima mwenye nguvu, kimo cha 17 kinatosha. Kwa mama mwenye goti bovu tulichagua 15, na upana wa 30. Kumi na tano mara mbili, ongeza thelathini: sitini kamili. Mtaalamu wa mazoezi aliyemwona mama hospitalini alikuwa amemwelekeza kwamba akipanda, mguu mzima utangulie, na akishuka, mguu mbovu utangulie, kisha mwenzake ufuate kwenye kipandio kile kile. Kwa mwendo huo kila kipandio hukanyagwa na miguu yote miwili, hivyo lazima kiwe na nafasi ya kutosha kisigino.

Fundi alikuja. Alikuwa mwashi mzuri wa kuta, lakini ngazi alizotaka kujenga zilikuwa za moja kwa moja mbele, halafu kwenye kona ya mshazari ageuze kwa vipandio vya pembetatu, vyembamba ndani na vipana nje, ili zifike upande wa jikoni. Mama mkwe alikuwa kitini pale pale barazani. Akamwita.

"Fundi, mimi nitashika wapi?"

"Utashika ukutani, bibi, upande wa ndani."

"Na upande huo wa ndani mguu wangu utakaa wapi, ikiwa ngazi imekwisha?"

Fundi akavua kofia akajikuna. Ni kweli, kipandio cha pembetatu humnyima mtu nafasi pale pale anapotaka kushika. Tukakubaliana ngazi zizunguke baraza zima: mbele, kwenye mshazari, na upande wa jikoni, vipandio vile vile bila kukatika, kama mikunjo ya khanga iliyozungushwa kiunoni. Ngazi zinazozunguka kwa nje namna hiyo hazina pembetatu. Kona haiwi nyembamba, bali inapanuka.

Jinsi ya kupata hizo kona ni rahisi kuliko inavyoonekana, na mama yeyote anayekata gauni la mshazari ataelewa. Pale ukuta wa mbele unapokutana na ule wa mshazari, pembe yetu ni digrii 135. Unaigawa pembe katikati, na kutoka kwenye ncha ya baraza unavuta kamba kwenda nje kwa mstari huo wa katikati. Kila kipandio cha mbele na kila kipandio cha mshazari vitakutana juu ya kamba hiyo. Kila upande upana unabaki 30, ukipima kwa pembe mraba kutoka ukingoni. Lakini ukipima juu ya kamba yenyewe utapata kama 32 na nusu. Kwa kona ya kawaida ya nyumba, ile ya digrii 90, ungepata zaidi ya 42. Fundi asiyejua hili hupima 30 juu ya kamba, na upana wa vipandio vyake vyote unapungua bila yeye kujua umepotelea wapi. Na pembe mraba yenyewe haihitaji chombo cha gharama: pima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili ikiwa futi 5 kamili, pembe ni mraba.

Jambo jingine, vipandio vya nje hurefuka. Kwetu upande wa mshazari una mita 2.4 ukingoni mwa baraza, na kila kipandio kinachofuata kuelekea nje kinaongezeka robo mita. Fundi alikuwa amehesabu mifuko 11 ya saruji, akifikiri vipandio vyote vina urefu mmoja. Ilikwenda 18. Siwaambii hili ili mwasengenye mafundi, bali ili mkae na karatasi kabla gari halijapanda kutoka mjini, maana nauli ya mzigo wa pili haipungui kwa sababu ni mdogo.

Lakini shida kubwa kuliko zote haikuwa kona, ilikuwa mteremko. Ukingo wa baraza mbele uko juu ya ardhi sentimita 90. Ungedhani ni vipandio sita vya 15. Sivyo. Ngazi haziishii ukingoni, zinaishia huko nje zinakofika, na huko ardhi imeshuka zaidi. Kwetu kila mita inashuka kama sentimita 10. Vipandio saba vinatoka nje mita 1.8, na hapo kimo kilikuwa 108. Tukajaza kidogo ikawa 105, saba mara kumi na tano. Upande wa jikoni, ambako ardhi iko juu, kimo ni 45 tu, basi vipandio vitatu vikatosha. Hivyo vinne vya chini vinaanzia mbele, vinapinda kwenye mshazari, kisha kimoja kimoja kinazama udongoni kadiri ardhi inavyopanda. Ukitazama kutoka njiani utafikiri vinaota kutoka mlimani. Sharti ni moja: pima maji iwekwe kwenye kila kipandio, usifuate ardhi. Ardhi ya Kilimanjaro ukiifuata itakufikisha Himo.

Mfongo tuliuacha njia yake. Tuliusogelea kiasi cha nusu mita na kujenga kando yake ukuta mfupi wa mawe ili maji yasile msingi wa ngazi. Baba watoto aliwaendea kwanza majirani wa chini, akawaonyesha, wakakubali. Ni afadhali kuomba kabla ya jiwe la kwanza.

Kazi ilianza mwezi wa Agosti, kabla ya mvua za vuli. Udongo wetu mweusi wa migombani ni mzuri kwa ndizi na ni mbaya kwa msingi, kwa sababu una samadi ya miaka mingi na unanywea. Walichimba mpaka wakakuta udongo mgumu mwekundu, wakapanga mawe, kisha juu ya mawe zege la saruji moja, mchanga miwili, kokoto minne. Kila kipandio kiliinamishwa mbele kidogo, kama sentimita moja ukingoni, maji ya mvua yasituame. Fundi alitaka kupiga niru ing'ae, akasema wageni wa Krismasi watapendezwa. Hapo nilisimama. Niru iliyolowa ndiyo iliyomwangusha mama. Tulipitisha ufagio wa njukuti juu ya saruji ikiwa bado mbichi, ikabaki na mikwaruzo, mguu unashika hata katika mvua. Si nzuri kwa macho, nakiri, lakini hata kuku wanaiheshimu. Nyayo za mmoja ziko kwenye kipandio cha pili mpaka leo.

Kisha ni kumwagilia. Saruji haikauki kama nguo, inakomaa kwa maji, na ikikauka upesi kwa jua la mchana inapasuka. Siku saba tuliifunika kwa magunia na majani ya migomba, tukamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Watoto walifurahia kazi hiyo kuliko zote walizowahi kupewa.

Sasa mkono wa kushikia. Ngazi pana zina hatari yake: mtu akiwa katikati hana kitu cha kushika, na mzee akiyumba hapo anaanguka kwa uhuru. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Waisraeli waliagizwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari la nyumba mpya, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba. Hata mambo ya fundi Mungu aliyaangalia. Tuliweka mikono miwili: mmoja upande wa jikoni, wa bomba la chuma la nchi moja na nusu, unene ambao kiganja cha mzee kinauzunguka, kimo chake sentimita 90 juu ya kipandio; na mwingine mbele, katikati, wa mti wa mgrevilea, kwa sababu fedha zilikwisha. Bomba lazima lipite kidogo kipandio cha mwisho, kwa maana mzee anahitaji kushika wakati mguu unagusa ardhi, si kabla.

Siku ya nane tuliondoa magunia. Hatukumwambia mama kitu. Alitoka na kiti chake, akakiacha mlangoni, akashika bomba la upande wa jikoni, akashuka: mguu mbovu, mguu mzima, vitatu. Akaenda zizini, tukamsikia akimgombeza ng'ombe kana kwamba ng'ombe ndiye aliyekuwa amepotea. Alasiri akajaribu mbele. Alihesabu kwa sauti mpaka saba. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mzee wa kanisa alimwambia kwamba katika maono ya Ezekieli, sura ya 40, lango la ua wa nje lilikuwa na ngazi saba, na la ndani nane. Mama akamjibu kwamba ya nane ataipanda atakapoitwa.

Vigae havikuwekwa. Krismasi ndugu walikuja, wakakanyaga sakafu iliyopasuka, na jioni hakuna aliyekaa sebuleni. Walijipanga kwenye ngazi pande zote tatu, wakubwa juu, watoto chini, wakila nyama na kuzungumza mpaka baridi ikawafukuza. Shemeji mmoja aliuliza kwa nini mbele kuna mti badala ya bomba. Baba watoto akasema ni wa muda, bomba litanunuliwa tukiuza kahawa. Kahawa imeuzwa mara mbili tangu siku ile. Mama anapita hapo kila asubuhi kwenda kaburini, ana fagio mkono mmoja, na mkono wa pili umekwisha kuung'arisha ule mti kuliko bomba lolote. Nilipomkumbusha baba watoto habari ya bomba, mama ndiye aliyejibu. Alisema tuuache, chuma ni baridi asubuhi.